Bibi Aliuliza Sauti Yake Inaenda Wapi

Skizeni, hii nimekaa nayo miezi. Nimeiandika nikaifuta mara tatu, kwa sababu kila nikifika katikati naona mbaya wa hadithi ni mimi. Leo naitoa hivyo hivyo.

Mwaka juzi nilikuwa nishaacha chuo. Niko nyumbani Kongowea, alfajiri namsaidia mjomba kushusha magunia ya viazi sokoni, mchana nalala, usiku nahariri video ambazo hakuna anayezitazama. Beshte yangu akaniingiza kwenye grupu ya WhatsApp ya kazi za simu. Kazi yenyewe rahisi: unaweka programu, inakuonyesha sentensi ya Kiswahili, unaisoma kwa sauti, unatuma, M-Pesa inaingia. Shilingi chache kwa kila sentensi, lakini ukikaa usiku mzima zinajumlika. Nyingine zilikuwa sentensi za ajabu. Mgonjwa ana homa na shingo imekakamaa. Bei ya mbolea imepanda. Mtoto hajanyonya tangu jana. Nilikuwa nazisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, sikuuliza ni za nini. Msimamizi wa grupu alisema ni utafiti wa AI, mashine inafundishwa Kiswahili, na mimi nikatosheka. Neno utafiti lina heshima zake. Ukiambiwa utafiti unanyoosha mgongo.

Halafu likaja tangazo: sauti za wazee, bei mara mbili, wasome au wapige hadithi tu.

Si nina bibi. Bibi yangu ana miaka sabini na kitu, kazaliwa na kukulia Mombasa, na Kiswahili chake si hiki changu cha shule na TikTok. Yeye anasema ndia, si njia. Mato, si macho. Yana, si jana. Nikamkalisha barazani, simu nikaiweka juu ya mto, nikamwambia apige hadithi yoyote. Akapiga dakika arobaini. Alihadithia mamake, vile alivyokuwa akipika vitumbua vya kuuza, majirani kwa majina yao, nani alimuoa nani, nani alimkimbia nani. Ukurasa wa masharti ulikuwa wa Kiingereza, mrefu kama msururu wa feri ya Likoni. Kile kisanduku cha kukubali nilikibonyeza mimi. Si yeye. Mimi.

Alipomaliza akaniuliza, "Na hiyo sauti yangu, mwanangu, yenda wapi?"

"Kwa mashine, bibi. Ya utafiti."

"Mashine ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo akarekebisha leso yake, kisha akasema, "Sisi zamani tungesema ni mumiani."

Nikacheka. Wallahi nilicheka kwa sauti.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi kama mimi: mumiani ni yule wa kutishiwa watoto, mtu anayekuja usiku kuwanyonya watu damu ikatengenezwe dawa. Mimi nilidhani ni hadithi ya kutulalisha mapema tu. Baadaye nikaanza kusoma (ukiacha chuo ndipo unapoanza kusoma, sijui kwa nini), nikakuta kwamba neno lenyewe liko kwenye kamusi ya Frederick Johnson ya 1939. Kamusi inasema ni kitu cheusi kama gundi, dawa ya maumivu na mifupa iliyovunjika, iliyosemekana kutoka Uajemi. Kisha inaongeza kuwa wenyeji wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na uvumi ukienea kwamba mumiani inatafutwa, watu mjini ni nadra kutoka nje jua likishazama.

Na haikuishia kwenye kujifungia. Juni 1947 gazeti la East African Standard liliripoti kwamba kundi la watu lilishambulia kituo cha zimamoto hapa Mombasa kwa sababu ya uvumi huo. Zimamoto! Lakini fikiria jamaa wa wakati ule anaona nini. Jengo la serikali lisiloingiwa na kila mtu. Watu wa sare. Gari linatoka mbio usiku. Hakuna anayekwambia ndani mnafanyika nini. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki neno wazimamoto likawa jina lingine la wanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huu, Speaking with Vampires, kilichotoka 2000. Kilichonishika kwake ni kwamba hakupoteza muda kuwacheka watu. Aliuliza kwa nini hadithi hiyo iliingia akilini kwa watu wenye akili zao timamu. Na ukiangalia ukoloni ulivyokuwa ukiendesha mambo ya tiba, hutashangaa. Kule Uganda, wakati wa ugonjwa wa malale, watu walipimwa damu, wakadungwa sindano, vijiji vya kando ya ziwa vikahamishwa, na hakuna aliyekaa nao barazani akawaeleza na kuwauliza. Mtu akichukuliwa kitu mwilini mwake na asiambiwe kinaenda wapi, ataijaza hiyo nafasi mwenyewe.

Kwa hiyo bibi alikuwa hanitanii. Alikuwa akiniuliza swali la mjini lenye umri mkubwa kuliko yeye.

Panda matatu hapo Kongowea uelekee kaskazini, upite Mtwapa, kama hakuna foleni ndani ya saa moja na nusu uko Kilifi. Pale KEMRI na Wellcome Trust wana kituo cha utafiti tangu 1989. Malaria, chanjo, maradhi ya watoto. Tangu 2000 wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, kwenye eneo lenye watu zaidi ya robo milioni. Na uvumi ukawafuata: damu inauzwa, kuna mambo ya shetani. Watafiti wenyewe wameandika juu ya jambo hilo, hawakulificha. Wangeweza kusema watu wa huku ni washamba, wakaendelea. Badala yake wakatengeneza utaratibu: wawakilishi wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe, mikutano, karatasi za idhini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, mtu wa kuzungumza nawe kabla ya sindano. Sisemi kila mtu aliridhika, na sisemi karatasi ndiyo idhini. Ila pale kuna mtu wa kumuendea. Ukiwa na swali unajua geti ni lipi.

Tena damu ina wema wake mmoja: unaiona ikitoka. Sauti unaitoa na umebaki nayo, unajiona hujapoteza kitu. Ndiyo maana sisi vijana tunaigawa kama karanga.

Sasa niende kwa sauti, maana ndipo kwenye ugonjwa.

Watu wamekuwa wakikusanya Kiswahili cha Mombasa kwa karibu miaka mia mbili. Wa kwanza kujulikana sana ni Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani wa CMS, aliyefika Mombasa 1844. Mwaka ule ule mkewe Rosina na mtoto wao mchanga walikufa, wakazikwa upande huu wetu wa bara, Nyali. Kutoka soko la Kongowea ni mwendo mfupi, na wengi tunapita tukienda ufukweni bila kujua. Krapf aliandika maneno. Miaka na miaka ya kuuliza hiki mwakiitaje, kile mwakiitaje. Kamusi yake ilitoka London 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Juu kuna jina la Krapf. Wale waliomjibu, mamia ya mabaraza na wapagazi na wamama na watoto, hawamo.

Wa pili ndiye anayenisumbua zaidi. William Taylor, naye wa CMS, alikuja miaka ya 1880 na akapenda mashairi ya Muyaka bin Haji, yule malenga wa Mombasa aliyefariki karibu 1840. Muyaka hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikuwa vichwani mwa watu. Aliyezunguka akayakusanya na kuyaeleza maana zake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa hapa hapa, aliyefariki 1890. Yeye ndiye aliyejua ni nani wa kuulizwa na mstari gani una fumbo la kumchokoza nani. Makaratasi yakaenda na Taylor, leo yako SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka huko Afrika Kusini. Kuwa mkweli, Taylor hakumficha Sikujua, jina lake limehifadhiwa kwenye makaratasi yale, ndiyo maana mimi leo naweza kukutajia. Na bila wale wawili huenda tungebaki na Muyaka wa vipande vipande. Kukusanya kulikuwa kwema. Lakini kijana wa Kongowea akitaka kuuona mwandiko uliotoka mtaani kwao lazima apate visa. Kongowea, eti, ambayo kwenye mashairi ya zamani ni jina la Mombasa yenyewe, si soko la viazi tu.

Halafu 1928. Hii sikufundishwa shule, na nilipoijua nilitaka kutupa kiatu. Wakoloni walikutana hapa Mombasa kuamua Kiswahili kipi kitakuwa cha vitabu na shule katika nchi zao zote za Afrika Mashariki. Wamishenari wa CMS walikuwa wakipendelea Kimvita, lugha ya mji huu. Kikashinda Kiunguja, cha Zanzibar. Yaani walikuja kwetu, wakaketi kwetu, wakaamua kwamba lugha yetu isiwe ndiyo. Kamati ya lugha ikaundwa 1930, na ile kamusi ya 1939 yenye mumiani ni kazi ya kamati hiyo. Tangu hapo ndia ikawa kosa. Mwalimu wangu wa darasa la tano alinikata alama kwa neno ambalo bibi hutumia kila siku.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu siku tatu baada ya kutuma sauti ya bibi, programu ilinijibu. Nusu ya rekodi imekubaliwa, nimelipwa. Nusu imekataliwa. Sababu iliyoandikwa: lugha si sahihi.

Lugha si sahihi. Bibi yangu.

Mashine ilikuwa imelishwa Kiswahili cha vitabu na habari, na hicho ni kile cha 1928. Hakuna mtu aliyekaa akasema tuwanyime watu wa Mombasa. Uamuzi ulishafanywa zamani, mashine ikaurithi tu, na mashine haijui kwamba imerithi. Na ona hesabu hii: nusu iliyokataliwa sikulipwa, lakini haikurudishwa.

Sasa mtu ataniambia basi wazee wasirekodiwe kabisa, tufunge milango. Hapana, sikubaliani, na hapa ndipo kichwa kinaponiuma. AI imeshaingia kliniki. Julai 2025 Penda Health, zile kliniki za Nairobi, pamoja na OpenAI walitoa matokeo ya utafiti wa ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15. Wahudumu waliokuwa na AI ya kuwakumbusha walifanya makosa machache zaidi: ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu kwa asilimia 13. Hiyo si porojo. Mgonjwa ambaye hakupewa dawa isiyo yake ni mtu wa kweli. Tukiendelea hivi, kesho mashine itakuwa inamsikiliza mgonjwa moja kwa moja, na siku hiyo nataka bibi akisema kifua chamuuma tangu yana, isijibu lugha si sahihi. Ili imuelewe lazima mtu kama yeye awe amerekodiwa. Hilo halina njia ya mkato.

Lakini kumbuka pia OpenAI hao hao tuliwajua kwa mlango gani. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi vijana wa Nairobi, waliokuwa wameajiriwa na Sama, walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili mashine ijifunze kuyaepuka. Utafiti wa kliniki una majina ya waandishi. Wale waliosafisha mashine hawana ukurasa wa majina. Ni Sikujua tena, tena Sikujua alibahatika.

Na wale wanaojaribu kufanya vizuri nao wana fundo lao. Mozilla wana mradi wa Common Voice, na 2021 walitangaza dola milioni 3.4 za kusukuma kazi ya Kiswahili. Watu walijitolea, walisoma, walikagua sauti za wenzao, walijua wanafanya nini. Heshima kwao. Leseni waliyotumia inaitwa CC0, maana yake mtu yeyote duniani achukue afanye atakalo bila kuomba wala kutaja. Mwanafunzi wa Mombasa asiye na pesa anapata sauti bure, sawa kabisa. Kampuni ya mabilioni nayo inapata bure ile ile. Mimi nikisikia bure kwa wote nauliza mwenye lori ni nani. Sokoni ukisema viazi vya bure, mwenye kikapu atabeba kikapu.

Jambo jingine lililo jipya kweli, na si marudio ya Krapf: karatasi unaweza kuichana, chupa ya damu unaweza kuimwaga. Sauti ikishatumika kufundisha mashine, imeyeyuka mle ndani na za watu elfu nyingine kama sukari kwenye chai. Faili unaweza kufuta. Kile mashine ilichojifunza kwalo ni shida kukitoa. Sheria tunayo, ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inakupa haki ya kuomba data yako ifutwe. Tumeshaona ikitumika: Worldcoin walizinduliwa Julai 2023, Wakenya wakapanga foleni KICC kupigwa picha za mboni za macho kwa kama shilingi elfu saba, serikali ikasimamisha mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe ndani ya siku saba. Karibu miaka miwili. Na ile ilikuwa kesi yenye mawakili na kelele za nchi nzima.

Mimi nilijaribu peke yangu. Niliandika barua pepe kwa anwani iliyokuwa ndani ya programu: nataka rekodi ya mzee fulani iondolewe, hakukubali yeye, nilikubali mimi. Nikaandika tena baada ya wiki mbili. Kimya. Nikaenda kwenye grupu kumuuliza msimamizi, nikakuta nimeondolewa, na beshte aliyeniingiza naye kaondolewa. Jina la kampuni hata sikuwa na uhakika ni lile la kwenye programu au lile la kwenye ujumbe wa M-Pesa, maana yalikuwa mawili. Mtu wa Kilifi ana geti la kuendea. Mimi nilikuwa na nembo ya rangi ya zambarau.

Juzi Ijumaa nilimwambia bibi yote. Nilimkuta jikoni anakuna nazi, nikakaa kwenye kigoda nikatoa habari kama mtoto aliyevunja sahani. Nilidhani atakasirika kwa ile sanduku ya kukubali. Hakukasirikia hiyo. Aliniuliza nililipwa ngapi, nikamwambia, mia tatu na hamsini. Akasema, "Na mimi hukunipa hata ya majani ya chai." Tukacheka wote wawili, mimi kwa aibu.

Kisha akafuta mikono, akakaa vizuri. "Haya, niwekee niskie. Pale nilipomtaja mama. Naona nilisahau jambo, nataka niskie nilisemaje."

Nikatoa simu. Nikaitafuta ile programu, nikakumbuka kwamba ilikuwa inarekodi moja kwa moja kwao. Kwenye simu yangu haikuwahi kubaki hata sekunde moja.

"Sina, bibi."

"Huna?"

"Sina."

Akaniangalia, akashika mbuzi akaendelea kukuna nazi.